Kengele Aliyoizima Mwalimu

Kihonda, Morogoro
9 Januari 2024

Mwalimu Mwinshehe,

Shikamoo. Mimi ni Filomena Banzi wa darasa la 2015, yule msichana wa Mgeta uliyemhamishia dawati la mbele kwa sababu alikuwa anabishana nawe. Nimeambiwa umestaafu na unaishi Kisaki. Najua simu ingetosha kwa salamu, lakini ninachotaka kukuonyesha ni kurasa za namba, na mtandao wa huko unakatika. Halafu nataka kila kitu kiwe kwa maandishi. Kuna mtu ninataka kummaliza, na nitahitaji ushahidi.

Baada ya chuo niliajiriwa kwenye karakana ya Bi. Hosiana hapa Kihonda. Tunatengeneza, au niseme walikuwa wanatengeneza nami, mashine za kutotolesha vifaranga. Programu inayosimamia joto la mashine niliiandika mimi, sehemu kubwa kwa kichwa changu, na sehemu ndogo kutoka kwenye vijitabu vyako vya mazoezi. Miaka miwili iliyopita akaletwa fundi mwingine, Geofrey Lyatuu, na programu akakabidhiwa yeye.

Oktoba mwaka jana mashine moja ilishika moto Nyandira. Ilikuwa ya dada yangu Yustina. Saa nane mchana alikuwa uani, akaona moshi, akaingia, akaitoa trei ya mayai kwa mikono yake. Vidole vya mkono wa kulia vimeshikana. Vya kushoto havikunjiki isipokuwa gumba.

Bi. Hosiana aliitisha kikao. Geofrey alisimama mbele ya wafanyakazi wote akasema, "Msingi wa programu ni wa Filomena." Hakuongeza neno. Nikafukuzwa siku ile ile. Nilipoomba kuiona programu jinsi alivyoiacha, nikaambiwa si mali yangu tena.

Lakini mashine iliyoungua ninayo, na chipu yake nimeichomoa ikiwa nzima. Nimeinakili kwenye kompyuta. Maandishi ya binadamu hayamo, zimo amri tupu za mashine, ile asembli uliyotufundisha nami nikaikariri ili nifaulu mtihani. Sasa nataka kuijua kweli, amri kwa amri, mpaka nifike mahali Geofrey alipoweka mkono wake. Nikifika hapo nitamsimamisha kwenye kikao kile kile, nisome kwa sauti.

Naomba unishauri nianze na debaga ipi, maana nahitaji chombo cha kuisimamisha programu katikati na kuichungulia ndani. Mtandaoni ziko nyingi na kila mtu anasifia yake.

Mwanafunzi wako,
Filomena


Kisaki Stesheni
20 Januari 2024

Binti yangu Filomena,

Marahaba. Barua yako imeletwa na kondakta wa basi. Nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha ya kukumbukwa na mara ya pili kwa uchungu wa dada yako. Mfikishie pole yangu.

Hasira yako siilaumu. Mtu aliyesingiziwa akinyamaza, uongo unaota mizizi. Ila hasira haisomi asembli. Asembli inasomwa na mtu aliyetulia, kama anayechambua mchele.

Juu ya debaga, nitakueleza kwa kifupi. Zipo zenye madirisha mengi na rangi. Zinapendeza, lakini zitakufanyia kazi ya kufikiri, na wewe unataka kujifunza. Ipo ile ya maandishi matupu, unayoiamrisha kwa kuandika: simama hapa, songa amri moja, nionyeshe rejista, yaani namba chipu ilizoshika wakati huo. Anza na hiyo. Wiki ya kwanza utaichukia. Wiki ya tatu utaona zile nyingine kama miwani ya kuazima. Chukua na daftari. Kila amri inayopita, andika kabla ya kuipitisha nini kitabadilika, kisha ipitishe uone kama ulikosea. Mimi nilijifunza hivyo, na nilikosea miezi mizima.

Ukifika kwenye sehemu inayosoma kipima joto, ninakilie mistari yake uniletee. Nataka kuona kazi ya mwanafunzi wangu.

Wako katika kufundisha,
Mwinshehe Kibwana


Kihonda
11 Februari 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Nimejaza daftari moja na nusu. Ulisema kweli, wiki ya kwanza niliichukia. Nilikuwa natabiri amri kumi na kukosea saba. Sasa nakosea mbili.

Kuna jambo sikulijua chuoni. Ukisoma amri moja moja, mwandishi wake anaonekana. Mistari yangu naitambua kama nyayo zangu kwenye tope. Halafu kuna mahali nyayo zinabadilika, zinakuwa za mtu mwenye haraka. Nikifika hapo najihisi kama niliyemwona mwizi mgongo.

Jumapili nilikwenda Nyandira. Yustina alikuwa amekaa mlangoni, mume wake Mikaeli anamlisha uji kwa kijiko. Aliponiona akasema, "Umempata?" Hakuniuliza hata habari za safari. Nikamwambia jina la Geofrey na kwamba nimekaribia. Akasema atalitaja kila Jumapili kanisani mpaka Mungu alizoee.

Mistari ya kipima joto hii hapa, kurasa tatu. Nimeinakili kwa mkono kama ulivyopenda.

Filomena


Kisaki Stesheni
27 Februari 2024

Filomena,

Kurasa nimezipokea. Nilikuwa na homa kidogo, ndiyo maana nimechelewa.

Mistari ya kipima joto haina neno. Ni ya kawaida. Usipoteze muda wako hapo.

Nimewaza juu ya chombo chako. Naona uihamishie kazi yote kwenye simuleta, yaani ile programu ya kompyuta inayojifanya chipu. Haikuhitaji waya wala mashine, na huwezi kuunguza kitu. Lakini kabla hujaianza, zima kengele. Unakumbuka tulichokiita kengele: kila baada ya muda mfupi chipu inaacha kazi iliyo mkononi, inakwenda kusoma kipima joto, inaandika namba mpya, kisha inarudi ilikokuwa. Kwa anayejifunza, kengele inachanganya. Unafuata amri moja, ghafla uko mahali pengine. Izime, ufuate njia moja iliyonyooka.

Tafuta kwenye sehemu ya kupasha. Pale mashine inapoona baridi kali, inawasha hita mfululizo kwa muda bila kupima tena. Angalia muda huo ni kiasi gani, na kama ndio ulioandika wewe. Nadhani mtu wako utamkuta hapo.

Mwinshehe


Kihonda
18 Machi 2024

Geofrey,

Sikusalimu.

Nimeisoma chipu ya mashine ya Nyandira. Hukudhani ningeweza. Sehemu ya kupasha mimi niliandika dakika tano. Kwenye chipu ni dakika arobaini. Dakika arobaini hita linawaka bila mtu wala kitu cha kuliangalia, ndani ya sanduku la mbao, na wewe ulisimama mbele ya watu ukasema msingi ni wangu.

Naandaa maelezo yangu kwa Bi. Hosiana na kwa yeyote atakayetaka kusikia. Nikimaliza hutapata karakana ya kukushikisha bisibisi kuanzia Msamvu mpaka Mikumi. Nakuandikia mapema ili ukose usingizi kama mimi nilivyoukosa.

Filomena Banzi


Karakana, Kihonda
22 Machi 2024

Dada Filomena,

Barua yako nimeisoma mbele ya mke wangu Joyce, maana sina cha kuficha.

Dakika arobaini ni zangu. Sikatai. Wateja wa milimani walilalamika kwamba Juni na Julai, asubuhi, mashine inakawia kupata joto na mayai yanapoa. Barua ya malalamiko ninayo, imesainiwa na watu kumi na mmoja wa Mgeta, na dada yako ni wa nne. Nilipaswa kuweka kinga nyingine na sikuweka. Hilo nitalibeba. Kwenye kikao nilipaswa kulisema, nikaogopa kibarua changu. Hilo nalo nitalibeba.

Lakini jiulize kitu kimoja. Mashine ile ilikuwa imeshakaa siku kumi na mbili ikifanya kazi, ina joto lake sawa, saa nane mchana, jua linawaka. Kwa nini iingie kwenye kupasha? Ni nini kiliiambia kwamba kuna baridi? Hilo limenitesa tangu Oktoba. Kwenye simuleta nimelitafuta sijaliona.

Tumenunua debaga ya waya, kile kiboksi kinachochomekwa kwenye chipu yenyewe ikiwa kazini, na kila kitu kikiendelea kama kawaida yake, kengele na vyote. Mimi sijapewa nafasi ya kukaa nacho. Bi. Hosiana hataki habari ya moto ifufuliwe, na mashine arobaini na tatu bado ziko kwa watu. Nimekiomba kwa kazi nyingine. Kiboksi nakitia ndani ya bahasha hii. Wewe una muda na una sababu. Ukiona ni mimi, sema ni mimi.

Geofrey Lyatuu


Kihonda
30 Machi 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Sehemu ya kupasha umeipatia. Dakika arobaini, na amekiri kwa maandishi.

Lakini amenitumia debaga ya waya. Anasema nichomeke kwenye chipu halisi nisubiri, nione ni nini kinaidanganya mashine kwamba kuna baridi. Naona ni mtego, anataka nipoteze wakati au niharibu chipu. Ila swali lake linanikera. Simuleta imekimbia wiki mbili mezani kwangu na haijaingia kwenye kupasha hata mara moja.

Nikubali au nimrudishie?

Filomena


Kisaki Stesheni
16 Aprili 2024

Filomena,

Mvua zimekata barabara upande wa Mvuha, ndiyo sababu ya ukimya.

Mrudishie. Kiboksi cha namna hiyo kikichomekwa vibaya kinafuta chipu nzima, na ushahidi wako utakwenda na maji. Mtu aliyekukosea akikuletea zawadi, ipokee kwa mkono wa kushoto. Mpaka hapo ulipofika panatosha. Dakika arobaini zinamtia hatiani. Peleka maelezo yako, mambo yaishe.

Nina habari nyingine, njema. Tarehe 15 Juni chuo kinaipa maabara ya elektroniki jina langu. Wanafunzi wa miaka yote wamealikwa. Wameniuliza nani atoe hotuba kwa niaba yao, nikakutaja wewe. Kadi nimeiambatanisha. Mtu akifundisha miaka thelathini na moja, hubaki na jina tu, na si kila mara.

Wako,
Mwinshehe


Kihonda
6 Mei 2024

Mwalimu Mwinshehe,

Kulikuwa na neno moja kwenye barua yako lililonifanya nikuasi. Ulisema ushahidi utafutika. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba fundi hagusi chipu kabla hajainakili, na kwenye barua yangu ya kwanza nilikuambia nimeshainakili. Usingelisahau hilo. Nikakaa na barua yako siku mbili nikijiuliza kwa nini mwalimu wangu ananitisha kwa kitu anachojua hakitishi.

Nikanunua chipu mpya, nikamimina humo nakala, nikaiweka kwenye mashine yenye mayai ya kununua sokoni. Nikachomeka kiboksi cha Geofrey. Nikakiambia: simama siku utakapoingia kwenye kupasha huku ndani kuna joto. Nikasubiri. Siku ya sita, saa nne asubuhi, nikiwa nafua, ikasimama.

Namba ya joto ni kubwa, haienei kwenye kisanduku kimoja cha chipu, kwa hiyo inakaa kwenye viwili. Programu inasoma kisanduku cha kwanza, kisha cha pili. Katikati ya hapo kengele inaweza kulia. Wewe hulihitaji somo hili, lakini nitakuandikia nilivyomwandikia dada yangu. Chukua namba 39. Umesoma 3. Kengele imelia, joto limepanda, namba imekuwa 40. Umerudi, umesoma tarakimu ya pili, ni 0. Unaondoka na 30. Mashine ina joto la kutosha, nayo inaapa kwamba kuna baridi. Inawasha hita.

Inatokea mara chache sana. Kwenye simuleta yenye kengele iliyozimwa haitokei milele.

Mistari miwili ya kuinyamazisha kengele wakati wa kusoma ingetosha kuzuia yote. Haipo. Haikuwahi kuwepo. Nimefungua sanduku la vitabu vyangu, nimekitoa kijitabu chako, zoezi la kumi na tisa, ukurasa wa 44. Ni ile ile, amri kwa amri. Ni zile kurasa tatu nilizokutumia Februari ukanijibu kwamba hazina neno.

Wiki hiyo hiyo nimetafuta kijitabu cha waliomaliza mwaka 2018. Zoezi la kumi na tisa lina mistari miwili zaidi.

Nimemwonyesha Geofrey. Tumekwenda wote kwa Bi. Hosiana, na jana mashine zote arobaini na tatu zimeagizwa zizimwe. Ulijua tangu Februari kwamba zinafanya kazi kwenye nyumba za watu.

Nakuuliza swali moja. Ulijua lini?

Filomena Banzi


Kisaki Stesheni
15 Mei 2024

Filomena,

Niliambiwa mwaka 2017 na kijana wangu mmoja, Salehe. Alinyoosha kidole darasani akasema, "Mwalimu, hapo kengele ikilia je?" Nikamwambia akae chini. Nilikwenda nyumbani nikalitazama zoezi, nikaona ana haki. Mwaka uliofuata nikaongeza mistari miwili, sikumwambia mtu kwa nini. Yeye mwenyewe sikumwambia.

Nyinyi mliokwisha kuondoka nilikuwa na majina yenu yote. Ningeweza kuwaandikia. Nilijiambia kwamba ni zoezi tu, hakuna atakayelitia kwenye mashine ya kweli. Nilijiambia hivyo miaka saba.

Februari nilipozifungua kurasa zako nilizitambua kabla sijavaa miwani. Sikuwa na homa. Nilikuelekeza kwa Geofrey kwa sababu ulikuwa umeshamchukia, na njia ilikuwa imeshasafishwa. Simuleta niliichagua kwa makusudi. Miaka yote nimewachagulia wanafunzi vyombo vya kuona. Wewe nilikuchagulia cha kutokuona.

Nitalisema hadharani. Nakuomba jambo moja, na najua sistahili. Iache tarehe 15 Juni ipite. Watoto wangu wanatoka Dar na Mwanza. Wiki itakayofuata nitakwenda mwenyewe kwa Bi. Hosiana na kwa dada yako.

Mwinshehe Kibwana


Kihonda
20 Mei 2024

Mwalimu,

Dada yangu hakupewa wiki ya kujiandaa.

Hotuba nitatoa. Barua zako zote ninazo, nimezipanga kwa tarehe. Usipokuja nitaisomea picha yako.

F. Banzi


Kihonda
17 Juni 2024

Yustina dada yangu,

Shikamoo. Nakuandikia ili Mikaeli akusomee polepole, kwa sababu kwa simu ningelia na wewe hupendi.

Jumamosi nilivaa lile gauni la bluu. Watu walikuwa kama themanini, wengine sijawaona tangu chuo. Mwalimu alikaa mbele na watoto wake na wajukuu. Kibao chenye jina lake kilikuwa ukutani kimefunikwa kwa kitambaa cha kijani, kina kamba ya kuvutia. Geofrey alikaa nyuma, karibu na mlango.

Nikaitwa. Nikasema nitatoa shukrani kwa maneno ya mwalimu mwenyewe. Wakapiga makofi. Nikaanza na ile ya Januari, ile nzuri, watu wakacheka kwa kumkumbuka. Nikafika kwenye ile ya Februari. "Mistari ya kipima joto haina neno. Zima kengele." Bado walikuwa wanatabasamu. Nikaeleza mistari hiyo ilitoka wapi, ilifanya nini, na iliunguza mikono ya nani. Nikawaambia habari za vidole vyako, kimoja kimoja. Nilikuwa namwangalia mwalimu wakati wote, Yustina. Nilitaka kumwona akipungua.

Mkuu wa chuo akaja kuchukua kipaza sauti. Mwalimu akasema, "Mwacheni amalize." Nikamaliza na ile ya Mei mpaka saini.

Mtoto wake mkubwa aliinamisha kichwa. Mwalimu akanyanyuka. Nilidhani anaondoka, na nilikuwa na neno la kumfuata nalo mpaka mlangoni. Hakuondoka. Alikwenda ubaoni, akaomba kalamu, akachora visanduku viwili. Akaandika 3 na 9. Akasema, "Kosa hili ni langu. Nililijua mwaka 2017. Salehe, simama, wewe ndiye uliyenionyesha nami nikakunyamazisha." Kijana mmoja mwenye upara akasimama. Mwalimu akalifundisha kosa lake lote, kengele inapolia, namba inapobadilika, moto unapoanza. Sauti ilikuwa ile ile ya darasani. Mwishoni akasema, "Liandikeni. Mkalitafute kwenye kila kitu mlichokitengeneza kutokana na kazi yangu." Watu wakatoa kalamu wakaandika.

Na mimi niliandika. Nilijikuta nanakili nyuma ya kadi ya mwaliko. Nilikwenda kumvua nguo mbele za watu, akazivua mwenyewe akazikunja. Sijui kama unanielewa. Nimerudi nyumbani nikiwa na njaa ile ile niliyoondoka nayo.

Kitambaa hakikuvutwa. Wageni walitoka na kamba inaning'inia.

Mimi na Geofrey hatukuombana radhi. Dakika arobaini zake ndizo zilizogeuza joto kuwa moto, na analijua hilo. Tunazunguka pamoja kubadilisha chipu za watu, tumeshafanya ishirini, na njiani hatuzungumzi ila kazi.

Nje, mwalimu alinifuata akaniuliza, "Sasa nifanye nini?" Nikamjibu kwamba mimi sikuungua, akamuulize aliyeungua. Nikamwandikia jina la kitongoji chenu. Kama atakuja, mfanye utakavyo. Sitakuzuia wala sitakuuliza.

Mdogo wako,
Filomena


Nyandira, Mgeta
9 Julai 2024

Filomena,

Marahaba. Nasema mimi, anaandika Mikaeli. Nimemkataza kupunguza neno.

Mwalimu wako alifika Jumatano, na begi dogo na mwavuli, baridi inamtetemesha. Akaanza maneno ya pole. Nikamwambia maneno nimeyapokea tangu Oktoba, nimejaza nyumba, na hakuna hata moja lililomenya njegere. Msimu umeiva, wachuuzi wa mjini wanazitaka zimeshamenywa, nami nilikuwa namenya madebe mawili kabla ya jua kutua. Sasa siwezi kushika ganda. Nikampa kigoda, ungo na gunia. Nikakaa mbele yake, mikono nimeiweka mapajani ili aione.

Anamenya taratibu. Siku ya kwanza hakumaliza hata robo debe. Vidole vyake vimezoea kalamu, vimechubuka kwenye kucha. Sikumpa chai. Mikaeli alimpa, sikumzuia. Anapoinua kichwa kutazama mlima namwita kwa jina, anarudi kwenye ungo. Analala kwenye chumba kilichoungua, kwa sababu sina kingine, na ukuta wake bado ni mweusi.

Siku ya pili nilimuuliza kwa nini aliongeza ile mistari miwili kwenye kitabu kipya akatuacha sisi wa kile cha zamani. Alimenya maganda kama kumi kabla ya kujibu. Akasema, "Niliona aibu kwa Salehe." Nikamwambia Salehe alikuwa mtoto, na mimi sikuwahi hata kumwona.

Usidhani nimesamehe. Nimepata mtu wa kumenya tu. Usiniandikie barua za kanisani.

Na wewe nina neno lako. Umenifanya nilitaje jina la Geofrey madhabahuni miezi mitatu, nikamgeuza padri kuwa mjumbe wa uongo. Nimekwenda kuliondoa, na nilikwenda kwa miguu. Halafu umeniandikia kwamba pale ukumbini ulijikuta unanakili. Ile mara ya kwanza, ukurasa wa arobaini na nne, ulinakili vilevile, bila kujiuliza. Programu ya kwenye mashine niliyopewa na mdogo wangu ilikuwa na jina la nani? Kwenye barua zako zote umewatafuta waliokosa, mmoja baada ya mwingine, kwa kila chombo ulichokipata. Wewe hujajitafuta.

Jana mwalimu aliniuliza kazi hii itakwisha lini. Nikamjibu hata mimi sijaambiwa mikono yangu itapona lini.

Geofrey amepiga simu, anakuja kubadilisha chipu za Mgeta Ijumaa. Nimemwambia akimaliza apitie hapa, gunia lake nimeshalitenga.

Bado gunia moja liko ndani, halijafunguliwa. Njoo naye.

Yustina